Buti fupi za swedi za Steve McQueen: zitafaa Unguja?

Kijana wa Kikwajuni
Assalaam alaykum wakubwa. Natafuta buti fupi za swedi (ngozi yenye manyoya laini), rangi ya kahawia, kama alizovaa mwigizaji wa Marekani Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ya 1968. Mitumba ya Darajani zipo zinazofanana, na kila muuzaji anaapa kuwa zake ndizo. Nizitambue vipi? Na masika yetu zitaweza?

Mzee wa Soli
Waalaykum salaam mwanangu. Hapo watu huchanganya viatu viwili. Clarks Desert Boot, iliyobuniwa na Nathan Clark na kutoka 1950, soli yake ya krepu, yaani mpira mbichi, inaonekana wazi pembeni, na ngozi ya juu imekunjwa nje ikashonewa juu ya soli. Za McQueen ni aina iitwayo Playboy, nazo ni za Uingereza: krepu vilevile, ila ubavu wa soli umezungushiwa utepe mpana. Utepe huo ndio utazame kwanza, si chapa ya ndani.

Kisha bonyeza soli kwa ukucha. Nzima huingia kidogo halafu hurudi. Ikinata mkononi au ikipasuka vipasuko vyembamba, iache hapo hapo hata kama ngozi inang'ara. Mafuta ya gari na joto huila krepu, na ikishaanza kuyeyuka haina dawa ila kubadilishwa.

Bint Wete
Soli ikibanduka tu, mpelekee fundi ila msimamie. Akwangue gundi yote ya zamani, asugue pande zote mbili kwa msasa, apake gundi ya mpira nyembamba, asubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo agandishe na kugonga. Wengi hugandisha ikiwa mbichi, na wiki haipiti imefunguka. Usivivae mpaka saa 24 zipite.

Masika, adui ni ukungu. Vikirowa, jaza magazeti, badilisha yakilowana, anika kivulini. Jua la saa saba hukakamaza swedi ikawa kama kigae. Ukungu ukishaota, upige brashi kavu nje ya nyumba, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo. Doa la chumvi ya bahari: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu. Na hizo karafuu mnazotia ndani ya viatu zinaficha harufu, unyevu haziondoi.

Yakhe wa Vuga
Mimi nasema kuhusu kuvaa. McQueen kwenye ile filamu ni luteni wa polisi San Francisco, kavaa koti la twidi (kitambaa kizito cha sufi) na sweta la shingo ndefu, na chini kiatu cha kutembelea tu. Hapo ndipo mtindo wake ulipo: kiatu cha mapumziko kwenye nguo za kazi. Twidi kwetu utakufa kwa joto, vaa shati la kitani na suruali isiyojikunja juu ya kiatu. Kwa kanzu hapana yakhe, kanzu ina makubadhi yake.

Ila fikiria mlango wa msikiti. Unavua na kuvaa mara ngapi kwa siku? Ukivikanyaga kisigino kwa haraka, nyuma panavunjika na hapasimami tena. Tafuta vya matundu mawili kila upande, legeza kamba yote kabla ya kuingiza mguu.

Kijana wa Kikwajuni
Ahsanteni. Utepe na ukucha kwanza, bei baadaye.

Mzee wa Soli
Na uvijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba.