Naomba ushauri: nikishaonja wiski ya moshi, nyingine zote zinapotea ladha

Wakuu habari zenu. Nina miezi kadhaa nalinganisha wiski, chupa nne kwa mkao mmoja, kila glasi kama mililita 15 tu (silewi, naonja!). Juzi nilipanga Glenfiddich ya miaka 12, Redbreast 12 ya Ireland, Maker's Mark ya Marekani, halafu Ardbeg 10 kutoka kisiwa cha Islay, Uskoti.

Shida ni hiyo Ardbeg. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza kwenye kinamasi, hukaushwa na kuchomwa kama kuni), na ina kilevi asilimia 46. Nikarudia Glenfiddich, ambayo mwanzo ilininukia peasi bichi na asali kidogo, nikakuta kama maji yaliyopita jikoni kwenye kuni. Nimekula mkate mkavu, nimesukutua, nimesubiri dakika kumi, wapi! Moshi umeganda kooni.

Sasa najiuliza: ya moshi iwe ya mwisho siku zote, au nitenge siku yake kabisa? Na maji je? Nikitia matone mawili kwenye Ardbeg, moshi unalegea na harufu kama ya ndimu inajitokeza, naipenda zaidi. Ila ya asilimia 40 nikiitia maji inapooza. Kama moja imetiwa maji na nyingine haijatiwa, huo bado ni ulinganisho wa haki?

Mnaoonja bila kujua glasi ipi ni ipi, nani anawamiminia? Mie nakaa peke yangu.