Mjadala: Mwana wa miaka 10 kupiga piano hotelini Shela, mwasemaje?

MWANZISHA MADA (Langoni, Lamu)
Asalaam alaikum jamaa. Ndugu yangu ana mwana wa miaka 10 anayepiga piano kwa kusikia tu, hajafundishwa na mtu. Hoteli moja ya Shela, kijiji cha hapa kisiwani, yamtaka awapigie wageni jazi jioni za wikiendi msimu mzima, na kuna mtu ameshaleta karatasi za kumrekodi. Baba anasita. Wajomba washakubali, tena washaanza kupiga hesabu. Kikao cha ukoo ni Ijumaa baada ya swala, na mimi kama ami yake nitatakiwa niseme neno.

Wanaotaka apige wananitajia jina moja kila mara: Joey Alexander, mpiga piano wa jazi wa Indonesia. Alizaliwa Denpasar, Bali, mwaka 2003. Kisiwa cha watalii kama chetu, na wazazi wake walikuwa na biashara ya utalii. Akiwa na miaka 6 alikuwa akitoa kwenye kinanda kidogo cha umeme muziki wa Thelonious Monk, mpiga piano mkongwe wa jazi wa Marekani, aliousikia kwenye rekodi za babake. Mwaka 2014 Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta mashuhuri, akamwalika New York kupiga katika hafla ya Jazz at Lincoln Center, taasisi ya jazi anayoiongoza. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya kwanza, My Favorite Things, na alipokuwa na miaka 12 akateuliwa kuwania tuzo mbili za Grammy, zile kubwa za muziki za Marekani.

Sawa. Lakini hapo katikati kuna jambo linarukwa. Alikokulia hakukuwa na mafunzo ya jazi, ikambidi aketi na wapigaji wazima, Bali kisha Jakarta, awasikilize na awajibu. Jazi ni kujibizana. Mmoja akitupa neno mwenzake alidake. Mtalii anayekula kamba hajibu kitu. Kwa hiyo nasema: wazee wa kupiga nao kwanza, hoteli baadaye. Nipingeni.

MWENYE DAU, SHELA
Nakupinga. Joey huyo huyo, na miaka 9, alikwenda Odessa, Ukraine, mwaka 2013, akashinda shindano lililokuwa na wapigaji watu wazima. Hakungoja ndevu. Familia yake ilihama Bali ikaenda Jakarta, ikahama tena hadi New York, yote kutafuta nafasi. Nyinyi nafasi imewafuata kwa boti mpaka mlangoni mwaifukuza. Msimu wenyewe mfupi.

MWALIMU, MKOMANI
Mwenye Dau, wataja aliyefanikiwa. Niruhusu nimtaje mwingine, maana huyu hatajwi. Frank Robinson, wa Detroit, Marekani, aliyezaliwa 1938, wakimwita Sugar Chile. Alipiga boogie-woogie, muziki wa piano wa mdundo wa kasi, mikono midogo mno, basi akazipiga funguo kwa ngumi na viwiko, na watu wakafurahi kama wanaona mazingaombwe. Mwaka 1946, na miaka 7, akapiga mbele ya Rais Truman. Mwaka 1949 kampuni ya Capitol ikamrekodi, na rekodi zikauzwa vizuri sana. Mwaka 1952 akaacha. Alirudi darasani, baadaye akachukua shahada ya saikolojia.

Wengine husema alipotea. Mimi naona huyo mtoto alikuwa na akili kuliko waliomzunguka. Ukizisikiliza rekodi zile leo utacheka, ni za raha kweli, lakini kinachouzwa pale ni udogo wake. Na udogo huisha. Mgeni wa Shela atampiga picha mwana wenu kwa sababu miguu haifiki chini. Akitimiza miaka 14 hoteli itatafuta mdogo mwingine.

MPIGA GAMBUSI
Wanangu, mwalimu kasema kweli juu ya hoteli, ila juu ya kurekodi nisikizeni mimi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi, na sauti yake twaisikia mpaka yeo. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapa Amu (Lamu), mkono wake twaujua kwa sababu kanda zipo. Wangapi wa mitaa hii wamezikwa na nyimbo zao? Hata huyo Joey, albamu ya mwanzo karibu yote ni tungo za wakongwe wa jazi kina John Coltrane. Ile ya mwaka 2022, Origin, ni tungo zake mwenyewe tupu. Ukiziweka pamoja wamsikia mtu anakua. Kama wangengoja mpaka awe mkubwa, hiyo safari ungeisikia wapi?

Na hili la kumficha mtoto asipige mbele ya watu si letu. Kwenye Maulidi wana wadogo wapiga matari, na wazee wako pale pale wanawarekebisha.

MWANASHERIA, MALINDI
Mwajadili muziki, hamjagusa sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Kuanzia 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Huyu ana 10. Msimu mzima kwa malipo ni ajira, hata ikiitwa burudani.

Na hizo karatasi za kurekodi zasemaje kuhusu pesa? New York, alikohamia Joey, sheria hutaka asilimia 15 ya mapato ya msanii mtoto iwekwe kwenye akaunti ya amana hadi afikishe miaka 18.

MWENYE DAU, SHELA
Basi apige bure, awe anajizoeza tu.

MWANASHERIA, MALINDI
Ndugu yangu, hoteli ilipize wageni chakula na muziki, mpigaji arudi nyumbani na soda? Hiyo ni mbaya zaidi.

MWANZISHA MADA
Mzee wa gambusi, arekodiwe, nakubaliana nawe, lakini kanda iwekwe nyumbani, isiuzwe. Tofauti hiyo siiachi, kwani alichosema mwalimu kuhusu udogo kinaanzia sokoni.

Kuhusu hoteli: wao wana piano, sisi hatuna. Nyumbani mwana anapigia kinanda cha umeme kilichokufa funguo mbili. (Hata hiyo piano yao hewa ya chumvi imeshaila nyuzi za juu, lakini yapigika.) Nitakachokisema Ijumaa ni hiki: tuwaombe saa za asubuhi, siku zisizo za shule na kabla wageni hawajaamka, aketi pale ajifunze, na wewe mzee uje na gambusi lako umjibu, kama hutachoka na ngazi zao.

Wakikataa, tutajua walikuwa wakimtaka kwa lipi. Wajomba wakinuna, piano ipo, nao wana vidole kumi kumi.

MPIGA GAMBUSI
Nitakuja. Lakini simjibu mtu kabla sijanywa kahawa.