Tupeane uzoefu: kuizunguka Tanga kwa miguu, nani kapita wapi?

Mwana wa Makorora
Wana Tanga, habari za jioni. Juzi saa nne usiku bajaji ilinizimikia Chumbageni. Dereva kanitazama tu: "Kaka, mafuta yamekata, niwie radhi." Nikavuka reli kwa miguu nikaingia Ngamiani. Miaka kumi na tano naishi mji huu sijawahi kuupita usiku bila chombo! Nikawa nahesabu: barabara ya tatu mzee anamwaga majivu ya jiko la kahawa, ya nne moshi wa mishkaki, ya saba taarabu inatoka dirishani na mtu ndani anaifuatisha vibaya. Raha ya barabara za namba, humuulizi mtu. Unajua zimebaki ngapi. Nimekolea. Nani kapita wapi, na kilimkuta nini?

Mama Wawili
Mimi Raskazone alfajiri. Natokea bustani ya Jamhuri, pale Kisiwa cha Toten kinaonekana kama umekishika mkononi, napita Bombo, bahari iko kushoto mwangu mpaka mwisho. Kivuli tele. Adui ni mbwa wa majumba makubwa, geti likiwa wazi tu umekwisha.

Foniksi ya Babu
Tanga ni mji wa baiskeli jamani. Tambarare kama sinia. Kutembea ni kujitesa.

Mama Wawili
Mada ni miguu.

Foniksi ya Babu
Na pedeli nakanyaga na nini, masikio?

Mgosi Mstaafu
Mama Wawili, njia yako hiyo ina historia. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka Raskazone likaja mjini kwa miguu kama wewe. Walikuwa kama 8,000, Wajerumani na askari wao weusi kama 1,000. Tarehe 5 wakarudi melini wameshindwa. Na nyuki waliwauma vibaya.

Kijiti
Wale nyuki walifugwa na Mjerumani makusudi. Babu alitusimulia.

Mgosi Mstaafu
Babu yako alikutilia chumvi. Mizinga ilikuwa mitini, risasi zikaichokoza. Nyuki hakuuliza mtu bendera, waliumwa wa pande zote.

Kijiti
Basi babu yangu mwongo. Sawa mzee. Shikamoo na usiku mwema.

Dada wa Mwambani
Niliapa sitaisimulia hii lakini mmenikumbusha. Mimi na binamu yangu tulitembea mpaka Tongoni. Kilomita 17 kwa barabara ya Pangani, tukatoka baada ya swala ya alfajiri, tukafika miguu haina hisia. Tukayaona makaburi, ule msikiti uliobomoka, tukakaa kwenye kivuli tukala mihogo tuliyobeba. Hapo ingekuwa safari njema.

Kurudi, binamu kasema barabara jua kali, maji yamekupwa, tupite pwani tufike Mwambani mapema. Kweli bahari ilikuwa imekwenda mbali, unaona mchanga tu na akina mama wanachokoa pweza. Tukatembea, upepo mzuri, tunacheka. Mbele tukakuta mikoko, tukasema tukate katikati. Tope likaanza kwenye vifundo, likaja magotini. Kila ukichomoa mguu linatoa sauti kama mtu anabusu. Ndala ya kushoto ikabaki chini, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoka na kaa.

Nikainua kichwa niwatafute wale akina mama. Hakuna mtu. Hata mmoja! Binamu kasema wamekwenda kupika. Mimi nikageuka nyuma, kile kijito tulichokiruka kwa hatua moja kimekuwa upana wa barabara, na maji yanaingia, hayatoki. Yalianza kujaa nyuma yetu kwanza, sisi tunaangalia mbele. Tukapanda mkoko. Simu nimeifunga kwenye kilemba. Sisimizi wanapanda, maji yanapanda, binamu anasoma Yasini anaikosea, mimi namsahihisha huku nalia.

Karibu na magharibi akatokea mzee na mtumbwi. Hakuuliza tumefikaje. Alisogeza mtumbwi chini ya mti, akatutazama, akasema: "Nyie jana usiku hamkuangalia juu?" Jana yake mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua lenyewe, siku za maji makubwa! Tulizaliwa pwani wote wawili. Alitupeleka nchi kavu bila neno jingine, tukampa mihogo iliyobaki, akaikataa maana ilikuwa na tope.

Mama Wawili
Subhanallah. Mwili umenisisimka.

Kijiti
"Nikatoka na kaa" nimekufa 😂😂 ulimla?

Mgosi Mstaafu
Mwanangu usione haya. Vasco da Gama mwenyewe meli yake ilikwama ufukwe huohuo mwaka 1498, na yeye alikuwa na wanamaji. Sembuse ndala.

Foniksi ya Babu
Mngekuwa na baiskeli msingeingia topeni.

Dada wa Mwambani
Tungekuwa na baiskeli tungeiacha topeni.

Mwana wa Makorora
Jamani mada imetekwa, lakini leteni na ushauri.

Kijiti
Vaa viatu vya mvua.

Mvuvi Deep Sea
Usivae viatu vya mvua kwenye mikoko, vikijaa tope ndiyo nanga. Peku, au raba uzikaze kamba. Na muulize mvuvi, si binamu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanakupwa mbali na yanarudi kwa nguvu. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndiyo siku zenu nyinyi watu wa matembezi.

Mama Wawili
Beba fimbo ya mbwa.

Kijiti
Usibebe fimbo, mimi nilibeba saa kumi na moja alfajiri, sungusungu wakaniweka chini nusu saa wananihoji nimemvizia nani.

Mpita Njia
Mapango ya Amboni hamjayataja? Kilomita kama 8 tu barabara ya Mombasa. Wanasema humo ndani unatokea Mombasa.

Mgosi Mstaafu
Wanasema. Aliyetokea ni nani?

Mpita Njia
Osale Otango alijificha humo, serikali ya mkoloni ikamtafuta.

Mgosi Mstaafu
Kujificha ni kujificha. Mimi nimeuliza nani katokea Mombasa.

Mwana wa Makorora
Tuyaache mapango. Jumamosi asubuhi nani yuko tayari, tupite ufukweni polepole?

Dada wa Mwambani
Ijumaa mwezi unaandama.

Mvuvi Deep Sea
Umeanza kuangalia juu.

Mwana wa Makorora
Basi tukutane barabara ya kwanza, saa kumi na mbili. Tutahesabu.

Foniksi ya Babu
Nije na baiskeli nikiikokota?