Sanamu za Duane Hanson: mkono unaoonekana wa mtu hai hutengenezwaje?

fundi_kalibu
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu "Queenie II" ya Mmarekani Duane Hanson (1988), yule mama msafishaji na toroli lake. Nataka kutoa mkono na kigasha vilivyoshika dekio kwa njia ya aina hiyo. Nikiweka plasta juu ya ngozi, nyama inabonyea, na rangi inatoka kama ya mwanasesere. Kosa liko wapi?

Mchanga_Mweupe
Plasta ni nzito. Tumia silikoni ya platini (mpira wa majimaji unaogandishwa kwa platini) iliyoandikwa kuwa ni salama kwa ngozi. Paka vaselini kwenye vinyweleo, kisha piga silikoni tabaka la kwanza jembamba kwa brashi ili mapovu yatoke, halafu ongeza mpaka ifike milimita 5. Ikishaganda ndipo uvike bandeji za plasta, tabaka 3 au 4, ziwe gamba la kuishikilia. Usivae glavu za mpira wa kawaida, silikoni hiyo itabaki inanata na haitakauka; vaa za nitrili. Na mkono usiuzamishe kwenye ndoo ya plasta hata kidogo: ikiwa nene hupata joto la kuunguza.

Kubwa zaidi, modeli ashike mpini tangu mwanzo, aukaze kama anayedeki kweli. Mkono uliolegea hauna mishipa, na ukiupachika mpini baadaye, vidole vitadanganya.

resini_na_msasa
Kwenye resini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji unayoiweka ndani ya kalibu hiyo igande kuwa mkono, hadina (dawa ya kuigandisha) ni gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100. Chumba kikiwa na joto baki kwenye 1. Ukizidisha inachemka, inapasuka. Maungio yazibe kwa fila ya magari, kisha msasa namba 180 halafu 400, taratibu, usije ukafuta vitundu vya ngozi.

Tafadhali sana, vaa barakoa yenye chujio la mkaa na ufungue madirisha. Ile ya kitambaa haizuii mvuke. Hanson aliugua saratani, na mwenyewe aliihusisha na resini. Alifariki 1996. "Queenie II" yenyewe si ya resini, ni ya shaba nyeusi (bronzi) iliyopakwa rangi.

rangi_tabaka
Umwanasesere unatokana na rangi moja nzito. Anza na kahawia, kisha tabaka nyepesi za rangi ya mafuta zinazoonyesha ya chini: damu ya mzee, buluu juu ya mishipa, njano ya udongo. Rusha vitone vidogo kwa brashi ngumu, vingine uvifute. Wengi hupaka wekundu kwenye vifundo vya vidole kwa kufuata mafunzo ya ngozi nyeupe. Queenie ni mama mweusi: vifundo viwe vyeusi zaidi, kiganja kiwe cheupe, na mistari yake iwe na weusi.

Vinyweleo chomeka kimoja kimoja kwa sindano, vilale kuelekea upande wa kidole kidogo. Sare isiwe mpya. Modeli aivae kazini wiki kadhaa, ili mikunjo ya kiwiko iangukie pale pale mkono wa sanamu unapokunjika.