Mteja amezuia malipo ya mwisho kisa nyufa za slabu, naomba ushauri

Timazi: Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mkandarasi mdogo, mwaka wa sita sasa. Nimejenga nyumba yenye paa la zege, kazi imeisha, mteja amehamia na watoto. Kabakiza asilimia 25 ya fedha yangu na hataki kuitoa. Anadai slabu imepasuka. Mvua ikinyesha maji yanaanza kudondoka kama saa nane usiku, inabidi kitanda cha mtoto kisogezwe dirishani na beseni likingwe. Mimi nilichoona ni nyufa za kawaida za plasta. Vijana wangu wananidai, mwenye duka la vifaa ananipigia kila asubuhi. Usingizi sina. Naweza kumshitaki nikalipwa haraka? Nawasilisha.

MamaTofali: Mdogo wangu, pole, ila mimi nimekaa upande wa pili. Fundi alinijengea bafu, sakafu ikainamia mlangoni badala ya kwenye tundu la maji. Fedha alishachukua yote, simu hapokei. Miaka miwili nimeweka tambara kizingitini, kila anayeoga anatoka analikamua. Kwa hiyo nikisikia fundi anadai, nauliza kwanza kazi ikoje. Kula jasho lako, lakini liwe jasho kweli.

Nondo16: Mama, jamaa kauliza malipo, wewe unatupeleka bafuni. Mkuu, Uingereza wana sheria ya mwaka 1996, mgogoro wa malipo ya ujenzi unapelekwa kwa mwamuzi naye ana siku 28 za kutoa uamuzi. Lipa kwanza, bishana baadaye. Mimi mkandarasi mkubwa alinizungusha miezi tisa kwa kazi ya kusuka nondo, ningekuwa na kitu kama hicho nisingeuza pikipiki yangu.

Mkadiriaji: Nondo, hata huko Uingereza sheria hiyo haimgusi mtu anayejijengea nyumba ya kuishi mwenyewe, labda mkataba wao useme hivyo. Timazi, nijibu haya: mkataba upo? Mteja alikuandikia kasoro ukapewa nafasi ya kurudi kuzirekebisha? Zege ulimwaga lini na mirunda, zile nguzo za kushikilia slabu mbichi, ukaitoa lini?

Timazi: Mkataba ni karatasi moja, tumesaini wote. Kasoro nimeambiwa kwa mdomo tu. Zege ni moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, nondo za milimita 12, kokoto safi, maji nilimwagilia asubuhi na jioni. Kazi yangu naijua.

Mkadiriaji: Mirunda hujajibu.

Timazi: Siku ya nane. Ilikuwa ya kukodi na nilikuwa na slabu nyingine ya kumwaga. Jua lilikuwa kali, zege lilishakauka, nilipiga nyundo likalia vizuri. Kila fundi anafanya hivyo. Na niseme kabisa, jana nimeshusha milango miwili ya ndani niko nayo. Sijaiba, mbao nilinunua mimi. Nikilipwa nitairudisha.

MamaTofali: Uuuwi. Milango?

Mkadiriaji: Hapo kwenye siku ya nane ndipo kesi yako ilipo. Zege la saruji ya kawaida nguvu yake hupimwa siku ya 28. Siku ya saba linakuwa limefika kama theluthi mbili tu, na kukauka juu si kukomaa. Ukiiachia slabu mapema inabonyea: katikati ya chumba inapasuka upande wa chini, juu ya kuta inapasuka upande wa juu, na ufa huo wa juu ndio unaokunywa mvua.

Ila usijihukumu kabla ya kupima. Nyufa za plasta hutapakaa kama utando wa buibui, ukigonga hapo panasikika patupu. Ufa wa slabu una mwelekeo. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, rudi baada ya wiki. Ukikuta umevuka alama, slabu bado inacheza. Upana ukizidi milimita 0.3, ita mhandisi wa miundo, usifukie kwa saruji ukapaka rangi.

Kuhusu fedha, mteja ana haki ya kukata gharama ya marekebisho, si kushika kila kitu. Mikataba mikubwa huweka zuio, yaani sehemu ya malipo inayobakizwa, mara nyingi asilimia 5 au 10: nusu hutolewa kwenye makabidhiano, nusu baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro. Karatasi yenu ingekuwa na mistari hiyo miwili, leo msingekuwa mnavutana kwa asilimia 25. Na mlango ukishafungwa kwenye fremu, kwa sheria za nchi nyingi ni sehemu ya jengo. Umempa mteja kesi bure.

PembeNne: Wakuu, hii ni chai. Mkandarasi gani anajua maji yanadondoka saa ngapi usiku na kitanda cha mtoto kinasogezwa wapi? Huyu ndiye mwenye nyumba, anatega aone mafundi watajiteteaje.

Nondo16: Dah, kweli. Timazi, weka picha ya milango.

Timazi: Sitegi mtu. Najua kwa sababu beseni nilikinga mimi. Mteja ni dada yangu mkubwa, nilikuwa nimelala kwake. Sikutaka kusema kwa sababu mngeniambia samehe, na vijana wangu hawali msamaha.

MamaTofali: Mwanangu. Watoto wa dada yako wamelala bila mlango usiku wa jana?

Timazi: Ametundika khanga.

Mkadiriaji: Rudisha leo. Kisha mwombe aandike kasoro zote, nawe andika siku utakazorekebisha. Kupima panapovuja, ziba mifereji ya paa, jaza maji sentimita tano, yakae saa 24, na chini mtu awepo na tochi. Lakini ruhusa ya kupandisha uzito huo itolewe kwanza na mhandisi, slabu hiyo siiamini. Gharama ya marekebisho ikijulikana, ikatwe, inayobaki ulipwe kwa tarehe.

PembeNne: Nafuta kauli. Bawaba ulichukua pia?

Timazi: Ziko kwenye mfuko wa shati. Skrubu mbili zimepotea, napitia dukani kwanza.