Nairobi tunauziwa stika, si runinga: 4K, 120Hz na HDR za karatasi

Wadau, uzi huu nimeufungua nikiwa na hasira. Asiyependa maneno makali apite.

Pitia Luthuli Avenue siku yoyote, au ingia duka la runinga na friji kwenye mall yoyote hapa mjini. Kila skrini iliyowashwa imebandikwa stika ya kung'aa kwenye kona: 4K (pikseli 3840×2160), HDR (mng'ao na weusi vilivyotanuka zaidi), 120Hz (picha 120 kwa sekunde), Smart, Game. Muulize muuzaji paneli yenyewe, yaani kioo kinachoonyesha picha, ina Hz ngapi, atakusomea stika. Ukimbana, utaambiwa "mkubwa, hii ni original." Original ya nini? Nimeuliza namba.

Naanza na 120Hz kwa sababu hapo ndipo wacheza gemu wanachezewa shere. Paneli ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Watengenezaji wamebuni majina ya kupendeza, "motion rate" na ndugu zake, ambapo ile 60 huzidishwa kwa mbili au nne kwa sababu programu inajaziliza picha za katikati, au taa za nyuma zinazimwazimwa haraka. Namba hiyo haihusiani kabisa na kile ambacho konsoli (mashine ya gemu) inaweza kuingiza. PS5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zina uwezo wa kutoa 4K kwa 120Hz, lakini kwenye runinga ya "motion rate 120" yenye paneli ya 60 utapata 60 tu. Unayoitafuta ni "native refresh rate" (kasi halisi ya paneli) kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba kamili ya modeli mpaka herufi ya mwisho. Msipuuze hiyo herufi, wala inchi. Mfululizo mmoja wa runinga unaweza kuwa na 120Hz kwenye inchi 55 na 60Hz kwenye inchi 43, halafu duka likachapisha tangazo moja la zote.

HDMI 2.1 nayo, toleo la tundu la kebo ya picha na sauti! Hapa lawama haziishii dukani. Mwishoni mwa 2021 ilibainika kwamba wenye leseni ya HDMI walishaliondoa jina la 2.0, na kwamba kifaa kinaweza kuitwa 2.1 hata kama hakina sifa mpya hata moja, kwa kuwa sifa zote hizo ni hiari. Kwa hivyo "ina HDMI 2.1" ni maneno matupu. Uliza mambo matatu kwa majina yake: inapokea 4K kwa 120Hz? Ina VRR (kasi ya picha kuifuata konsoli)? Ina ALLM (kuingia yenyewe kwenye hali ya gemu)? Kisha uliza ni kwenye tundu lipi, kwa maana kati ya matundu manne mara nyingi ni mawili tu yanayobeba 4K120, na moja kati ya hayo mawili ndilo hilohilo la eARC (la kutoa sauti) ambalo spika ya saundiba inalitaka. Mwenye PS5, Xbox na saundiba atajikuta anachomoa na kuchomeka kila jioni, na hakuna aliyemwambia kabla ya kulipa.

Ukishaichomeka, usiamini macho. Kwenye PS5 fungua Settings, Screen and Video, Video Output, kisha Video Output Information. Kwenye Xbox iko chini ya TV & display options, sehemu ya 4K TV details. Hapo utaona konsoli inachopewa na runinga. Ikikataa HDR au 120 ilhali runinga inaweza, huenda tundu limeachwa kwenye hali ya zamani. Samsung huiita "Input Signal Plus", LG "HDMI Deep Colour", Sony "HDMI signal format". Huwashwa tundu kwa tundu, na runinga nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Kebo pia: itafute iliyoandikwa Ultra High Speed na yenye lebo ya kuskani. Ile iliyoandikwa "8K" kwa rangi ya dhahabu bila lebo hiyo haijathibitishwa na mtu.

Mwenye PS4 ya kawaida asikubali kulipia 120Hz ya gemu. Mashine yake inaishia 1080p (pikseli 1920×1080) kwa 60. Hela hiyo aiweke kwenye paneli yenye weusi mzuri, na afungue hali ya gemu. Nje ya hali hiyo runinga nyingi huchelewesha picha kwa zaidi ya milisekunde 100. Picha moja ya 60Hz huchukua milisekunde 16.7, kwa hivyo kipa wako anaruka picha sita baada ya mpira kuingia. Ndani ya hali ya gemu, runinga nzuri hushuka chini ya 20. Ile "1ms" ya kwenye stika inapima kitu kingine, yaani pikseli inachukua muda gani kubadili rangi, lakini inauzwa kana kwamba ni kasi ya rimoti na pedi.

HDR ndiyo uongo mtamu kuliko wote. Filamu nyingi za HDR huandaliwa kwa mng'ao wa niti (kipimo cha mwangaza) 1,000. Paneli ya bei ya chini ina niti 250 hadi 300, na taa zake zote huwaka na kufifia kwa pamoja. Runinga hiyo hupokea ishara ya HDR, huonyesha alama ya HDR, kisha huibana picha ili itoshee uwezo wake. Matokeo yake ni kwamba HDR inakuwa na giza kuliko picha ya kawaida, tukio la usiku halionekani, na mteja analaumu filamu. Kama runinga si OLED (ambayo kila pikseli hujiwakia yenyewe), na haina taa za nyuma zilizogawanywa kanda nyingi zinazofifia kila moja kivyake, zima HDR kwenye konsoli. SDR, picha ya kawaida isiyo HDR, itapendeza zaidi. Na msidanganywe kwamba kuna Samsung yenye Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR. Hawaiweki, wanatumia aina nyingine, HDR10+.

Sasa "Smart". Kuna Google TV iliyoidhinishwa, na kuna Android tupu iliyopachikwa na mtengenezaji asiye na kibali. Kwa sura zinafanana, hata rimoti ina kitufe chekundu cha Netflix. Tofauti iko kwenye Widevine, kufuli inayozuia filamu kunakiliwa: iliyoidhinishwa huwa na kiwango cha L1, tupu hubaki L3, na hapo Netflix, ikikubali kufunguka, hukupa 480p (mistari 480 tu) kwenye paneli ya 4K. Kabla ya kulipa, fungua Play Store palepale dukani, tafuta Netflix, uone kama inasakinishika. Ukiambiwa "tutakuwekea kwa flashi", ondoka. Na hata runinga ikiwa safi, Netflix inapendekeza 15 Mbps kwa 4K, 5 kwa 1080p na 3 kwa 720p, tena 4K iko kwenye kifurushi cha Premium pekee. Nyumba yenye fiba ya 10 Mbps, na simu za watoto ziko YouTube, haitaona 4K hiyo hata runinga iwe ya bei gani.

Kuhusu majaribio ya dukani. Video wanayoweka ni samaki na matunda yakisogea polepole, mng'ao 100, rangi zimekolezwa. Imechaguliwa kwa sababu haionyeshi kasoro yoyote. Beba flashi yako iliyofomatiwa kwa FAT32, faili ziwe fupi kwa sababu FAT32 haichukui faili linalozidi GB 4. Weka skrini za rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu cha katikati. Nyeusi inafichua mwanga unaovuja pembeni, kijivu kinafichua madoa ambayo baadaye utayaona yakitembea juu ya nyasi kila kamera ya mpira ikigeuka. Ongeza tukio moja la giza na dakika moja ya mechi. Mwambie muuzaji atoe hali ya "Vivid", ile inayokoleza rangi, kwanza.

Kuna pia zile "4K" ambazo paneli yake ni 1920×1080, au mbaya zaidi 1366×768, na maana ya stika ni kwamba inaweza kufungua faili la 4K. Zitambue kwa video ya 3840×2160 yenye mistari ya pikseli moja nyeusi, moja nyeupe. Paneli ya kweli itaonyesha mistari ukisogea karibu, ya uongo itatoa kijivu au mawimbi. Iwe video, si picha tuli: Android nyingi huchora menyu na picha kwa 1080p hata paneli ikiwa 4K, utaikataa runinga nzuri bure.

Runinga za Ex-UK, zilizotumika Uingereza, sina neno nazo sana, nyingi za miaka ya karibuni zina DVB-T2, mfumo wa matangazo tunaoutumia hapa tangu tuhamie dijitali. Ex-Japan ni balaa. Mfumo wao wa matangazo ni ISDB-T, haitashika chaneli hata moja ya hapa, na nyingi nyuma zimeandikwa 100V ilhali stima yetu ni 240V.

Na risiti. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" si sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji, na kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwa kalamu: paneli 3840×2160, native 120Hz, inapokea 4K120. Akikataa, umeshajua unachouziwa. Akiandika na ikawa uongo, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000 na huhitaji wakili.

fundi_bodi:
Umesema kweli tupu ila umeruka kinacholeta runinga kwa fundi. Sauti ipo, skrini nyeusi: mulika tochi kwa pembeni karibu na kioo. Ukiona picha hafifu, paneli ni nzima, taa za nyuma ndizo zimekufa. LED zimeunganishwa mfululizo, ikikatika moja zote zinazima. Usikubali kubadilishiwa taa moja, zilizobaki zimechoka vilevile na zitafuata. Badilisha mikanda yote, na uhakikishe fundi amepima kama ni za 3V au 6V, maana zinafanana kwa umbo. Kisha apunguze mkondo kwenye bodi. Kinachoziua ni joto: runinga inatoka dukani backlight iko 100, mteja anaiacha hivyo. Shusha hadi 60 au 70 siku ya kwanza. Na msome waranti, nyingi hazigusi kioo kilichopasuka, kwa hivyo boksi lifunguliwe na runinga iwashwe kabla haijapanda boda.

mpenda_filamu:
Ndugu, kwa filamu mbona hujagusa aina ya paneli? VA ina utofauti wa weusi na weupe wa 3000:1 au zaidi, IPS ni kama 1000:1. Ukizima taa usiku, IPS inakupa kijivu badala ya weusi. Lakini VA hufifia ukikaa pembeni. Na OLED kwa anayecheza gemu moja kila siku, yenye alama zilezile kwenye kona, iko hatarini kuacha kivuli cha kudumu.

Mwenye uzi:
@mpenda_filamu sawa kabisa, na kwa filamu 120Hz ina faida hata bila konsoli: picha 24 za filamu kwa sekunde zinaingia mara tano kamili kwenye 120, kwenye 60 haziingii sawasawa ndiyo maana kamera ikigeuka picha inatikisika. Ila zima ule ulainishaji unaofanya filamu ionekane kama kipindi cha studio. Kuna Filmmaker Mode kwenye nyingi, huzima takataka hizo zote kwa mpigo.

Wanaouliza inchi: pima kutoka kochi hadi ukutani. Kwa filamu, umbali wa mara 1.6 ya mshazari unatosha. Inchi 43 ni kama mita 1.75, 55 ni mita 2.2, 65 ni mita 2.6. Bedsitter (nyumba ya chumba kimoja) ya Roysambu haihitaji 75, hata ikiwa kwa ofa.

@fundi_bodi ongeza hili la stima: ekstensheni yenye taa nyekundu si TV guard. Guard ya kweli hukata volti ikipanda au kushuka kupita kiasi, na stima ikirudi husubiri kidogo kabla ya kuiachilia. Konsoli nayo ipite kwenye guard hiyohiyo. Ikiachwa nje, volti inaweza kupanda kupitia kebo ya HDMI na kuua tundu upande wa runinga, halafu duka litakuambia waranti haihusu stima.