Kadi ipi ya waifai itakubaliana na Debian 12 kwenye kipakatalishi changu?

Mwanafunzi wa Kahawa:
Hamjambo, ndugu zangu. Nina kipakatalishi cha mitumba chenye prosesa ya AMD Ryzen, na tangu nilipokiwekea Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kadi yake ya waifai hutoweka kila ninapokifunua baada ya kukifunika, hata nikalazimika kukizima na kukiwasha upya katikati ya kazi ya chuo. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue amenionyesha kadi mbili za Intel, AX201 na AX210, akaniambia kwamba hazina tofauti. Je, ni kweli?

Mkaaji wa Umoja:
Tofauti ipo, tena kubwa, kwa hiyo tafadhali usilipe kwanza. AX201 haijitoshelezi: sehemu ya kazi yake imo ndani ya prosesa za Intel zilizoundwa kushirikiana nayo, kwa mpango unaoitwa CNVi. Ukiichomeka kwenye mashine yako itaingia barabara na skrubu itakaza, lakini Debian haitaiona kamwe. AX210 ni kadi kamili inayotumia PCIe ya kawaida, njia ya kuunganisha vifaa ambayo kompyuta za Intel na AMD zote zinayo. Kiendeshi chake, iwlwifi, kimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, nayo inahitaji kerneli 5.10 au ya baadaye; Debian 12 ilitoka mwaka 2023 ikiwa na 6.1. Hakikisha tu kwamba kifurushi cha firmware-iwlwifi, chenye faimuwea (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), kimewekwa.

Fundi wa mtaani:
Naunga mkono, ila fungua kifuniko cha chini kabla ya kununua chochote, kwa sababu vipakatalishi vingi vyembamba vina waifai iliyolehemiwa kwenye bodi, na hapo hakuna cha kubadilisha. Ukikuta kadi ndogo ya M.2, yaani ya kuchomeka na kuchomoa, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 30, chomoa betri, kisha ung'oe nyaya mbili za antena kwa kuziinua wima kwa ukucha. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele, na ukivivuta kwa pembeni vitapinda. Wakati wa kuvirudisha, bonyeza mpaka usikie mlio mdogo, kisipolia, hakijakaa.

Mpenzi wa programu huria:
Niongeze neno kwa anayejali uhuru wa programu kama mimi. AX210 haifanyi kazi bila faimuwea ya Intel, ambayo msimbo wake umefungwa. Kadi ya Atheros AR9462, inayoendeshwa na kiendeshi cha ath9k, haihitaji faimuwea yoyote kwa upande wa waifai. Kasi yake ni ya kizazi cha Wi-Fi 4, nami naiona inatosha kabisa kwa masomo.

Mwanafunzi wa Kahawa:
Nashukuru sana. Nimefungua: kadi ni ya M.2, haikulehemiwa. Nimechagua AX210, kwa kuwa mabweni yetu yana mitandao mingi inayosongamana na ninahitaji masafa ya 5 GHz yenye kasi nzuri. Amri ya lspci -nn, inayoorodhesha vifaa vya PCI, inaionyesha, na tangu asubuhi nimekifunika na kukifunua mara sita bila mtandao kupotea.